Sura ya Tisa: Kuhama Nyumba na Chatu

Mwezi wa Julai mwaka 2020, katika bustani ya wanyama ya Saint Louis nchini Marekani, chatu jike mmoja wa ile aina ndogo ya Afrika Magharibi alitaga mayai saba, watu wakastaajabu kwa sababu mbili: ya kwanza, kwamba hakuwa amekaribiana na dume kwa miaka 15 au zaidi, na ya pili, kwamba umri wake ulikisiwa kupita miaka 60, kwani alipokewa bustanini hapo mwaka 1961 kutoka mikononi mwa mtu aliyekuwa akimfuga. Ajabu ya kwanza tuwaachie wataalamu wa uzazi wa viumbe. Ya pili ndiyo muradi wa sura hii, maana mtu anunuaye chatu mchanga akiwa kijana wa miaka 20 huenda akawa naye mpaka mvi zimwingie kichwani, na katika muda huo ataoa, ataajiriwa, ataachishwa kazi, atapandishiwa kodi na mwenye nyumba, atajaaliwa watoto, na kila moja la hayo laweza kumtoa nyumba hii na kumtia katika nyingine. Mbwa aliyenunuliwa siku moja na chatu huyo atakuwa amekwisha kuzikwa zamani, ilhali chatu yungali hai anangoja kuhamishwa kwa mara ya nne.

Msomaji wa pwani yetu, ambaye tangu utotoni aliona kwamba nyoka akionekana ndani ya nyumba hutafutwa fimbo kabla ya kutafutwa maelezo, ataona ajabu kubwa zaidi kuliko zote mbili kuwa ni huko kufuga kwenyewe. Lakini ndiyo hali ya dunia. Katika Uingereza, Ujerumani na Marekani ziko nyumba nyingi ambazo sebuleni mwake, kando ya rafu ya vitabu, kipo kizimba cha kioo chenye joto na mwanga wake, na ndani yake amejikunja kiumbe ambaye asili yake ni nchi zilizo kati ya Senegali na Uganda, mwenye urefu usiozidi sana mita moja na nusu, hana sumu, na akiogopa hapigani, bali hujiviringa akakificha kichwa chake katikati ya mapindi yake mpaka hofu ipite. Wala si Wazungu peke yao waliomzoea. Katika mji wa Ouidah nchini Benin lipo hekalu la chatu hao hao, nao hutoka usiku wakazurura mitaani, na mwenye nyumba akimkuta mmoja chini ya kitanda humwinua kwa mikono miwili, kwa taadhima, akamrudisha hekaluni kwa miguu. Huo ndio uhamisho wa chatu ulio sahali kupita wote duniani, na usahali wake watokana na jambo moja tu: hewa ya Ouidah, usiku na mchana, ndiyo hewa ambayo chatu aliumbiwa.

Hapo ndipo penye kiini cha mas'ala. Sisi wanadamu, na mbwa, na paka, na kuku, twachukua joto letu ndani ya miili yetu popote tuendapo, nyoka halichukui. Yeye hulikopa kwa jiwe, kwa mchanga na kwa jua, na akikosa wa kumkopesha, damu yake hupoa, misuli yake hulegea, chakula kilichomo tumboni husimama bila kumeng'enywa, na kinga ya mwili wake hudhoofu hata maradhi ya mapafu yakapata mlango. Basi mtu ahamaye na chatu humhamisha pamoja na tabia ya nchi nzima, na katika saa zile ambazo kizimba kimezimwa na kipya hakijawashwa, mwenye chatu huyo ndiye jua lake. Wengi hawalitambui hilo. Hushughulika usiku kucha na hofu ya nyoka kutoroka, ambayo ni hofu ya haki, wakaisahau baridi, ambayo haina makelele wala haionekani, na ambayo madhara yake huja kudhihirika baada ya siku kumi, nyoka anapoanza kukoroma na kutoa povu mdomoni, na mwenyewe amekwisha kusahau kwamba alimweka nusu saa ukumbini mlango ukiwa wazi.

Natuchukulie mtu akaaye Leeds, kaskazini ya Uingereza, amepata kazi Glasgow, naye hana budi kuhama katika mwezi wa Januari, mwezi ambao jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na mwanzoni mwake huchwa kwenye saa kumi alasiri, na katikati ya hizo mbili huwa ni jua kwa jina tu. Masafa ni kiasi cha kilomita 350, na kwa gari ni mwendo wa saa nne barabara ikiwa njema. Saa nne kwa chatu si kitu; chatu mwenye afya, aliyefungwa vizuri katika joto la kufaa, aweza kustahimili siku nzima bila kula wala kunywa na asidhurike. Shida si urefu wa safari. Shida ni matayarisho yake, nayo huanza juma moja kabla ya lori kusimama mlangoni.

Jambo la kwanza ni tumbo. Chatu mzima wa aina hii hula panya mmoja kwa kila juma moja au mawili, humeza mzima mzima, na kumsaga huko ndani ni kazi ya siku kadhaa itakayo utulivu na joto. Akitikiswa au akipoa kabla kazi hiyo haijakwisha, humcheua panya yule, na kucheua kwa nyoka si jambo jepesi kama kwa mtoto mchanga: koo huchomwa na asidi, maji ya mwili hupotea, na baadaye hapaswi kulishwa kwa muda wa majuma mawili. Kwa hiyo mlo wa mwisho na utangulie safari kwa siku saba, na ukiwa mlo mkubwa, utangulie kwa siku kumi au zaidi. Wako wamiliki ambao huruma huwashinda wakampa panya mmoja wa kuagia usiku wa kuamkia safari. Hiyo ni huruma ya mtu aliyejipima yeye mwenyewe, ambaye akikosa chajio halali. Chatu wa aina hii hukaa miezi bila kula kwa hiari yake, na hapungui kitu cha kutisha. Maji na apewe mpaka saa ya kuondoka, lakini bakuli lisiandamane naye njiani, maana litamwagika, na nyoka aliyelowa maji hupoa upesi kuliko aliye mkavu.

Tena yatazamwe macho yake. Yakiwa yameingia ukungu wa rangi ya buluu iliyochanganyika na kijivu, ni ishara kwamba karibu atajivua gamba, na nyoka wa namna hiyo haoni vizuri, ni mwepesi wa kushtuka, na ngozi yake mpya iliyo chini ni laini. Ikiwezekana kuahirisha siku chache, iahirishwe. Ikiwa mkataba wa nyumba umekwisha na haiwezekani, basi asafiri, ila ashikwe kwa uchache iwezekanavyo.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe, ambacho hakitafutwi mbali, kwani kimo juu ya kila kitanda. Ni foronya. Foronya ya pamba, iliyofuliwa kwa maji matupu pasipo manukato, hupitisha hewa ya kutosha, haikwaruzi ngozi, na giza lililomo ndani yake ndilo limtulizalo nyoka, ambaye kwa maumbile yake huona amani mahali pembamba pasipo mwanga. Ipinduliwe ili ushono uwe nje, kwa sababu nyuzi zilizolegea ndani zaweza kumnasa jino au kumzonga shingo. Kisha iinuliwe mbele ya taa ikaguliwe kila pembe, maana tundu la kupenya ncha ya kidole, ambalo sisi twaliona si kitu, kwake ni mlango uliokwisha funguliwa. Hulitia pua, hulisukuma, na nguo huchanika. Hapo achukuliwe kwa mikono miwili, mmoja chini ya theluthi ya mbele ya mwili na wa pili karibu na mkia, ateremshwe taratibu, na kwa ukingo wa kiganja, kwa nje ya nguo, asogezwe hata pembe ya chini. Shingo ya foronya isokotwe, ikunjwe, na fundo lipigwe kwa nguo yenyewe, lakini kabla ya kulikaza, vidole vipapase chini yake kuhakikisha kwamba ncha ya mkia haikupanda juu ikaingia fundoni. Na wasitiwe wawili katika foronya moja, hata kama wametoka katika mayai ya mama mmoja.

Foronya hiyo iingie ndani ya kasha gumu la plastiki lenye kifuniko cha kubana kwa vishikizo, lililotobolewa matundu ubavuni, na matundu yatobolewe kutoka ndani kwenda nje ili miiba ya plastiki ibaki nje. Taulo zijazwe pembeni asije akaviringika kila gari ipindapo kona. Juu ya kifuniko iandikwe kwa herufi kubwa: nyoka hai, hana sumu, usifungue, na chini yake jina la aina yake na nambari ya simu ya mwenyewe. Maandishi hayo hayamfai msafiri akiwa mzima. Yawafaa wale watakaolifikia gari iwapo ajali itatokea na msafiri hawezi kusema, watu wa zimamoto na wauguzi, ambao wana haki ya kujua kilichomo kabla hawajatia mkono.

Ama kuhusu joto, kadiri ya digrii 24 mpaka 28 ndiyo ya kulindwa, na kipimajoto kidogo chenye waya, ambacho kichwa chake kimo kashani na saa yake iko nje, chaondoa haja ya kufungua-fungua. Gari na ipashwe moto kwanza, mpaka viti vyenyewe vipate uvuguvugu, ndipo kasha litolewe nyumbani. Baridi ikizidi, chupa ya mpira ya maji ya moto iliyofungwa ndani ya taulo nene yaweza kuwekwa ubavuni mwa kasha kwa nje, nalo kasha likawa ndani ya sanduku jepesi la sponji gumu kama yale ya kubebea samaki wa barafu. Viko vijifuko viuzwavyo madukani ambavyo vikipata hewa huanza kutoa joto kwa kutu ya unga wa chuma uliomo ndani yake. Navyo vyafaa kwa hadhari kuu, kwa kuwa vingine hupita digrii 40, na kwa kuwa joto lake hupatikana kwa kuila hewa ile ile ambayo nyoka huivuta. Kijifuko cha namna hiyo kisigusane na foronya, wala kisitiwe mahali palipozibwa. Na msomaji asidhani kwamba nyoka akiungua atajiondoa. Maumbile yake ni kukilalia kilicho na joto, na wengi huonekana wameungua tumbo juu ya mkeka wa umeme uliokosa kidhibiti, hali walikuwa na nafasi ya kuondoka.

Wala joto la kupita kiasi lisidhaniwe kuwa na hatari ndogo kuliko baridi. Baridi huua polepole. Joto huua katika muda wa kunywa chai. Gari lililofungwa vioo likiachwa juani hupanda kiasi cha digrii 10 katika dakika 10 za mwanzo, na chatu aliyemo ndani ya kasha hana kivuli cha kukimbilia. Ahamaye Agosti badala ya Januari, au ahamaye Arizona badala ya Leeds, ageuze nasaha zote hizi juu chini: asafiri alfajiri, apoze gari, na aingiapo mkahawani kupumzika, mmoja katika wasafiri abaki garini na injini ikinguruma.

Kasha likae kitini, limefungwa kwa mkanda, au sakafuni nyuma ya kiti cha mbele. Lisikae butini, ambako hakuna hewa ya hita wala jicho la mtu, na asilani lisipakiwe lorini pamoja na makabati. Makampuni ya kuhamisha vyombo aghalabu hayapokei kiumbe hai, na hata kama hamali mmoja angekubali kwa ajili ya bakshishi, lori halina joto, na kasha lisilojulikana huwekewa kasha jingine juu yake. Wapo pia vijana ambao humvaa chatu shingoni wakaendesha gari hivyo, kwa kuwa hupenda watu wa magari mengine wawatazame. Sina la kuwaambia hao ila kwamba nyoka aliyeshtuka akijipenyeza chini ya dashibodi, gari zima laweza kufunguliwa skrubu moja moja kabla hajapatikana.

Siku yenyewe ya kuhama, chatu awe wa mwisho kutoka na kizimba chake kiwe cha kwanza kusimamishwa kule aendako. Chumba alichomo kifungwe kwa ufunguo na tangazo libandikwe mlangoni, ili mchukuzi anayefungua kila mlango asikutane naye. Kizimba cha kioo kihamishwe kitupu, bakuli na mbao zikiwa zimetolewa, kwani kioo kikivunjika na nyoka yumo, hasara huwa mbili. Na jambo moja husahauliwa na karibu kila mtu: friza. Mfugaji wa chatu ana panya wake waliogandishwa, wamelazwa safu kwa safu katika mfuko, na yule jamaa mwema aliyejitolea kusaidia kufungasha vitu vya jikoni ndiye huufungua mfuko huo akidhani ni vidari vya kuku.

Sheria nayo ina neno lake, na neno hilo hubadilika kila mpaka uvukwapo. Kutoka Leeds mpaka Glasgow chatu huyu haombewi kibali. Lakini mtu atokaye California kwenda kukaa Honolulu hawezi kwenda na nyoka hata mmoja, kwani jimbo la Hawaii limewapiga marufuku nyoka wote wa kufugwa, na adhabu yake yafika faini ya dola 200,000 na kifungo cha miaka mitatu. Ukali huo si wa bure. Kisiwani Guam, baada ya Vita Vikuu vya Pili, nyoka wa mitini wa rangi ya hudhurungi aliingia ndani ya shehena za meli, akazaana, na ndege wa asili wa misitu ya kisiwa kile karibu wote wakamalizika. Posta ya Marekani haipokei nyoka kabisa. Avukaye mpaka wa nchi na chatu atahitaji hati za mkataba wa CITES, uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973, ambao chatu wote wamo katika orodha zake, na hati hizo haziandikwi kwa siku mbili. Huku kwetu, sheria ya Kenya ya mwaka 2013 na ya Tanzania ya mwaka 2009 zinamhesabu chatu kuwa ni mnyamapori, na mwenye kumweka nyumbani pasipo kibali atakuwa na shughuli nyingine kabla ya hiyo ya kuhama. Mwenye nyumba mpya pia aambiwe mapema, kwa maandishi. Akikataa, heri akatae kabla ya kodi kulipwa.

Nyoka wenye sumu siwaingizi katika sura hii. Uingereza huwaweka chini ya sheria ya mwaka 1976 ya wanyama wa hatari, na mwenye leseni yake ana wataalamu wa kumshauri. Katika Tanganyika alikuwapo C. J. P. Ionides, aliyezaliwa 1901 na kufa 1968, ofisa wa idara ya wanyama huko Liwale na baadaye mkazi wa Newala, ambaye wenyeji walimwita Bwana Nyoka. Alikamata nyoka kwa maelfu, vifutu na songwe wakiwamo, akawasafirisha wakiwa hai mpaka bustani za wanyama za ng'ambo. Mtu huyo, pamoja na maarifa yake yote, aliumwa zaidi ya mara moja. Anayesoma kitabu cha sahali kama hiki asitie fira ndani ya foronya.

Ifikapo jioni, na Glasgow imekwisha kuwa giza, kizimba kiunganishwe kabla ya kitanda. Kidhibiti joto kiwashwe, kipimajoto kisomwe upande wa joto na upande wa baridi, na chatu asitiwe ndani mpaka namba zitulie. Kama umeme wa nyumba mpya haujafunguliwa, alale kashani mwake usiku huo katika chumba chenye moto, na halitamdhuru. Foronya isifunguliwe juu ya meza ya jikoni, kwa sababu nyoka walio wazima kabisa huwa na vijidudu vya salmonela katika kinyesi chao. Mikono ioshwe kwa sabuni, na watoto walio chini ya miaka mitano wasimshike. Baada ya hapo aachwe. Wageni watakaokuja kutazama nyumba watataka kumtazama na yeye. Waambiwe warudi juma lijalo. Siku ya saba apewe panya mdogo kuliko wa kawaida, usiku, taa zikiwa zimepunguzwa. Akikataa, panya yule aondolewe asubuhi, na ajaribiwe tena baada ya juma moja. Akikataa miezi miwili na uzito wake haujashuka, hakuna haja ya daktari.